Shamba Lililongoja Ijumaa

Mtu akinikuta njiani hapa Kasongo hanisalimii kwanza. Anatazama juu, halafu ananitazama mimi, halafu anauliza: "Madamu, leo itanyesha?" Wafyatua matofali wananiuliza. Mama anayeanika mihogo ananiuliza. Watu wenye harusi wananiuliza wiki mbili kabla, na wakipewa jibu wasilolitaka wanakwenda kwa mzee mmoja nyuma ya soko anayesemekana anafunga mvua, naye angalau anapokea kuku na kusema jambo la kueleweka. Mimi nafundisha fizikia na hesabu kwenye shule ya kanisa, na nimechoka. Nalisema hilo mapema ili msomaji asitegemee furaha nyingi huko mbele.

Chanzo cha yote ni kopo. Zamani, mtaalamu mmoja wa kilimo aliyekuwa anahama mji aliniachia chombo chake cha kupimia mvua: mdomo wa bati, chupa yenye mistari ndani yake, na kigingi cha kukisimamishia. Alisema ananipa mimi kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nikakipigilia nyuma ya darasa la mwisho, mbali na miti, na tangu hapo kila asubuhi saa kumi na mbili nakwenda kuona maji yamefikia mstari gani, naandika, namwaga. Wanafunzi wanakiita kopo la madamu. Daftari zimejaa na kulaliana kabatini, na zile za kwanza panya wameshazila pembe.

Sasa watu walifikiri hivi: anayepima mvua kila siku hawezi kukosa kuijua. Niliwaambia mara nyingi kwamba mimi napima ile iliyokwisha kunyesha. Mwenye kupima mchele sokoni hajui mwakani utavunwa kiasi gani. Walicheka, wakaona ninaficha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nami kwa miaka yote hii nimeona kwamba mara nyingi mawingu ni dalili ya mawingu mengine tu. Lakini hilo hakuna anayetaka kulisikia kutoka kwa mtu mwenye kopo.

Kibaya zaidi, sababu nilikuwa naijua. Nilikuwa naifundisha. Kila mwaka, darasa la sita la sekondari, nikishamaliza yaliyomo kwenye programu, nilikuwa na zoezi langu moja ambalo inspekta yeyote angeniuliza limetoka wapi. Naandika kanuni fupi kwenye tablo, ubao wa darasa. Chukua namba yoyote iliyo kati ya sifuri na moja. Izidishe kwa kile inachopungukiwa ili ifike moja, kisha zidisha kwa nne. Jibu ulilopata lirudishe mwanzoni, ufanye tena, na tena. Ni hesabu ya mtoto. Halafu nagawa darasa pande mbili. Upande wa dirisha wanabakiza tarakimu tatu tu baada ya koma. Upande wa mlango wanabakiza sita. Wote wanaanza na namba ileile.

Mistari ya kwanza wanakubaliana, mpaka wanachoka kukubaliana. Kwenye mstari wa nane hivi mmoja wa dirishani anaona jibu lake limeachana kidogo na la wenzao wa mlangoni, anafuta, anarudia, linabaki vilevile. Kwenye mstari wa kumi na mbili wameshaanza kutupiana maneno. Wakifika ishirini undugu umekwisha: hawa wanaweza kuwa na namba ndogo iliyokaribia sifuri, wale wana kubwa iliyokaribia moja, na kila upande una hakika kwamba upande wa pili ni wajinga. Nazipitia daftari zao mstari kwa mstari. Hakuna aliyekosea. Hapo ndipo nawaambia kwamba hewa iliyoko juu ya Lualaba inafanya hesabu ya namna hiyo, kila dakika, jibu la sasa likiwa mwanzo wa lijalo, na hakuna mtu duniani mwenye kipimo cha tarakimu za kutosha kuianza sawasawa. Kesho tunaweza kuisema. Keshokutwa, kwa kubahatisha kidogo. Wapo wenye mashine kubwa wanaosogea siku kadhaa mbele zaidi, lakini nao wana ukuta wao. Si kwamba mbingu hazina sheria. Sheria zipo na zinafuatwa barabara, na ni ndani ya sheria hizohizo kosa dogo la mwanzo linakua mpaka linafunika kila kitu.

Mwaka mmoja msichana wa benchi la nyuma aliniuliza: "Madamu, sasa kopo iko na kazi gani?" Nikamjibu kwamba kazi yake ni kutufundisha adabu. Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliirudia mbele ya walimu wenzangu, na siku nyingine nikaitoa hata mbele ya prefe, mkuu wetu wa shule, aliyekuwa amekuja kuniuliza kama aahirishe mechi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, yuko Kabambare, tulikozaliwa. Mama alikufa yeye akiwa hajaota meno ya pili, na mimi ndiye niliyembeba, nikamwogesha, nikamfundisha kusoma, nikamchapa. Kwetu dada mkubwa aliyekulea ni yaya, na neno la yaya halirudishwi. Unaweza kulinunia, unaweza kuchelewa kulitimiza, lakini huliruki. Ninajua alinitii hata katika mambo ambayo nilikuwa nimeyasema bila kufikiri, kwa mfano kwamba mtu asinywe maji akisimama. Mpaka leo, mwanamume mwenye watoto, anakaa chini kwanza.

Ujana wake aliumalizia kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila. Alishuka huko kabla hajaoa, akaoa, akashuka tena. Kila aliporudi alileta kikohozi, na hadithi ya mshipa uliokuwa karibu kabisa, mkono mmoja tu chini zaidi. Mke wake, wifi yangu, ni mwanamke wa maneno machache anayelima kama watu wawili. Alivumilia miaka. Siku moja akafunga vitu vyake, akawachukua watoto wote wawili, akarudi kwao upande wa Luama, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Hakutukana mtu. Alituma neno tu: habari za dhahabu amezisikia vya kutosha, siku atakayokuta mpunga wa shamba la mume wake ndani ya nyumba, wa kula mpaka msimu mwingine, siku hiyo atarudi na kushusha vitu vyake. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaona ni neno la haki. Mdogo wangu naye akaona hivyo.

Basi akaacha mashimo. Wenzake wa Salamabila walimcheka, wakamwambia watamwekea nafasi yake. Kiangazi kile ukoo ukampa kipande cha pori, akafyeka peke yake kwa shoka na panga, na mgongo wake ulikuwa umeshaharibika kwa miaka ya kuinama chini ya ardhi. Kazi ambayo majirani zake walimaliza Juni, yeye aliimaliza Julai ikielekea kwisha. Asiyelima porini huenda haelewi uzito wa tarehe hizo. Shamba la mpunga kwetu halitengenezwi na jembe, linatengenezwa na moto. Unafyeka, unaacha jua lifanye kazi yake, halafu unachoma siku moja, na moto ukikubali unabaki na majivu juu ya udongo laini, unapanda. Ukichoma mapema, magogo mabichi yanakataa. Ukichelewa, mvua ikatangulia, majani yanalowa, visiki vinachipua, na unabaki na kichaka kilicholala chini, ambacho si pori tena na shamba hakijawa. Nafasi ni moja kwa mwaka, na wifi yangu hakuwa amesema atangoja miaka mingapi.

Alinipigia Jumapili moja mwanzoni mwa Septemba. Kesho yake shule ilikuwa inafunguliwa, na nyumba yangu ilikuwa imejaa wazazi tangu misa ilipokwisha, kila mmoja na mtoto wake wa kuandikisha kwenye darasa lililokwishajaa. Simu ilipolia nilikuwa nimekaa na mguu ndani ya beseni la maji ya moto yenye chumvi, maana kisigino kilikuwa kinaniuma, na baba mmoja alikuwa amesimama mlangoni akinieleza jambo lake kwa mara ya tatu. Nilisikia upepo kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa amepanda mlima kutafuta rezo, mtandao wa simu.

"Yaya, jambo yako."

"Jambo, mdogo wangu. Sema haraka, inite ya simu yako itaisha."

"Wenzangu wanachoma Jumanne, wote. Mimi magogo yangu iko bado na maji kidogo, njo maana nakuuliza. Nichome nao, ao ningoje? Mvua itakuja siku gani?"

Sijui ni neno fupi. Lina silabi tatu. Badala ya kulisema nilichukua simu yangu ya pili, ile ambayo mwalimu mwenzangu alikuwa ameniwekea meteo, ule utabiri wa hali ya hewa wenye vijua vidogo, nikaifungua. Vijua vilikuwa vimejipanga kimoja kimoja kuanzia siku ile mpaka katikati ya wiki iliyofuata, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Daftari zangu nazo zilisema kwamba miaka mingi mvua ya kweli ilichelewa zaidi ya hapo. Na magogo yake yalikuwa mabichi, siku tatu za jua zingeyasaidia. Yote hayo yalikuwa kweli, na ningeweza kumwambia hivyo hivyo yalivyo, pamoja na shaka yake, nikamwachia aamue mwenyewe. Lakini yule baba wa mlangoni alikuwa amenyamaza. Alikuwa anasubiri kusikia madamu atasema nini. Na maji ya beseni yalikuwa yanapoa.

"Ngoja," nikamwambia. "Choma Ijumaa, saa sita mchana, jua likiwa kichwani. Kawia ufike."

"Ijumaa saa sita."

"Ijumaa saa sita."

"Aksanti, yaya."

Baba wa mlangoni akainamisha kichwa kwa heshima, na nikamwandikisha mtoto wake. Niliona raha ndogo moyoni, ile ya mtu aliyeulizwa akajibu. Naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Alhamisi ya wiki hiyo jua la Kasongo liliwaka mpaka mabati yakawa yanalia. Ijumaa asubuhi nilikwenda kwenye kopo, nikakuta buibui amefunga uzi ndani ya mdomo wake, nikaandika sifuri kwa herufi za kujivuna. Saa sita mchana nilikuwa darasani. Nilitazama nje upande wa mashariki, nikawaza moshi wa mdogo wangu unavyopanda, nikatabasamu mbele ya wanafunzi, ambao hawakuzoea kuliona hilo. Jumapili akapiga simu.

"Yaya, mvua ilipiga Alhamisi."

"Wapi?"

"Apa kwetu. Toka saa nane mpaka jioni. Na Ijumaa tena ikarudia."

"Uku kopo iko kavu kabisa."

"Apa ilipiga, yaya."

Nikamuuliza shamba. Alisema Jumamosi alijaribu kuwasha, moto ukala majani makavu ya juu, ukafika kwenye matawi, ukalala. Nikamuuliza wenzake. Walichoma Jumanne, akasema, na iliwaka muzuri.

Hapo nikaanza kumweleza. Nilimweleza kwamba mvua za mwanzo zinaanguka kwa mabaka, upande huu wa barabara unalowa na ule unabaki vumbi. Kwamba wingu moja haliwezi kuonekana siku nne kabla, hata na mashine za wazungu. Kwamba kwa Kasongo meteo ilikuwa imesema kweli. Nilieleza kwa muda mrefu, nikichanganya na Kifaransa, kama mwalimu anayejitetea mbele ya inspekta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Haina matata, yaya," akasema. "Mvua iko ya Mungu."

Kisha simu ikakatika. Sikujua kama ni rezo au ni yeye.

Kwa siku kadhaa nilimkasirikia, na naona heri niseme ukweli huo. Kwa nini aniulize mimi niliye mbali hivi? Kabambare watu hawana macho? Halafu nikaikasirikia simu, nikaifuta ile meteo, mwalimu mwenzangu akanicheka. Katikati ya mwezi mvua ilianza hata kwetu, mvua yenyewe, na kila asubuhi nilipokuta maji kwenye kopo niliyaandika kwa mkono mzito, kwa sababu nilijua mengine kama hayo yamelala juu ya magogo yake. Wanafunzi wapya walipofika kwenye zoezi langu la tarakimu, mwaka huo nililiruka. Niliwaambia muda umetubana.

Sababu za kutokwenda Kabambare nilikuwa nazo tele: barabara, masomo, kisigino. Barabara ilikuwa mbaya kweli, lakini watu walikuwa wanapita kila siku na magunia yao. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, methali tamu sana kwa aliyeyamwaga. Niliona aibu tu. Tuliongea kwa simu mara moja moja, na habari zake nilizipata kwa vipande. Alikuwa anakata yale matawi upya, anayakusanya mafungu, na jua likitoka siku mbili mfululizo anachoma fungu moja, anapanda mpunga palipopata majivu. Pengine pote alichomeka mihogo. Kazi ambayo moto ungeifanya kwa mchana mmoja, yeye aliifanya kwa mikono mpaka karibu na Noeli.

"Inatoka?" nilimuuliza.

"Inatoka kidogo, yaya."

Wakati wa mavuno hakupiga. Niliacha wiki zipite, kisha nikapiga mimi, na kwa bahati nikampata.

"Mama ya watoto alifika," akasema. "Yeye na mama yake."

"Akasema nini?"

"Aliangalia ndani ya nyumba. Akasema pole."

"Halafu?"

"Akapika, tukakula wote. Asubui wakarudi."

Vakansi ya Pasaka, shule ikiwa imefungwa, nikapanda pikipiki. Motari, dereva wangu, alikuwa mtu mzima asiyependa mazungumzo, na nilimshukuru kwa hilo. Tuliondoka kabla hakujapambazuka, tukaanguka kwenye matope mara mbili, tukavushwa vijito kwa magogo mawili yaliyowekwa sambamba, na tulifika Kabambare jua limeshalegea, mimi nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Mdogo wangu hakuwepo. Jirani yake, mwanamke wa umri wangu aliyekuwa anatwanga uani, aliweka mchi chini akanitazama.

"Wewe njo yaya wa meteo?"

Hakusema kwa ubaya. Nilimwambia ndiyo, ni mimi. Akaniletea maji ya kunawa, akacheka kidogo kwa jinsi yalivyogeuka rangi, kisha akasema tungeweza kwenda kumtafuta shambani. Kule nako hakuwepo. Lakini shamba nililiona. La jirani na ya wenzake yalikuwa yamevunwa, uwazi mmoja mpana wa mabua. Katikati yao, la mdogo wangu: magogo yameungua upande mmoja, miti midogo imesharudi kwa kimo cha mtu, na hapa na pale mraba mdogo wa mabua, mingine haizidi jamvi la kulalia. Niliihesabu nikaacha.

Nilikuwa nimelifikiria swali moja kwa miezi, nikamuuliza yule jirani. Nilitaka kujua wao waliona nini. Ni alama gani iliyowaambia wachome Jumanne: upepo, chungu, ndege, umande? Nilikuwa tayari kunyenyekea. Nilikuwa nimeshajihukumu kwamba wenyeji walikuwa na elimu niliyoiacha kwa ajili ya daftari.

"Alama?" akasema. "Jumatano ilikuwa soko. Alhamisi tulikuwa na matanga. Tungetoa wapi watu ya kulinda moto? Jumanne njo siku watu walikuwa."

"Mvua hamukuijua?"

"Sisi tungeijua kwa njia gani, madamu?"

Nilikaa kwenye gogo. Nilichoka ghafla, kuliko njia nzima ya pikipiki. Hakukuwa na hekima yoyote niliyoidharau, wala mjinga yeyote aliyenishinda. Walikuwa na soko na matanga, nami nilikuwa na vijua kwenye simu, na mvua haikuuliza yeyote kati yetu.

Yule mwanamke alidhani nasikitikia shamba, akataka kunifariji kwa kumsifu ndugu yangu. Alisema siku ile ya Jumanne aliwasaidia sana. Mashamba yao yalikuwa yamelizunguka lake, upepo uligeuka, na moto ukawa unasukumwa moja kwa moja kwenye mpaka wake.

"Ilitaka kuingia yenyewe," akasema. "Magogo yake iko imekauka ya kutosha, sisi tuliona kwa macho. Yeye akasimama pale, na tawi mbichi, anapiga, anazima. Anapiga, anazima. Toka saa sita mpaka jioni. Tukamuambia, mutu wa Mungu, acha iingie, iko inakufanyia kazi. Akasema apana, yaya alisema Ijumaa."

Alinionyesha mahali. Palikuwa ni mstari tu, upande mmoja mabua, upande wa pili kichaka.

Mdogo wangu tulimkuta nyumbani tuliporudi. Alikuwa amekwenda kuaga ukoo, lakini hilo sikulijua bado. Alikaa chini kwanza ndipo akanisalimia, akaniuliza kisigino, akaniwekea ugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na tulikula tukiongea habari za watu waliokufa na waliooa. Nilipompokea bakuli niliona mkono wake wa kulia, toka kiwiko mpaka kwenye vidole, ngozi imekunjamana na kung'aa. Sikumuuliza. Nilikuwa nimepanga kukaa wiki nzima, nikasema nitaongea naye kesho tukiwa shambani.

Asubuhi nilimkuta uani, anafunga mfuko wake kwa mpira nyuma ya pikipiki. Motari aliyenileta alikuwa anaendelea na safari ya Salamabila.

"Unarudi kwenye mashimo," nikasema.

"Narudi, yaya. Kufyeka tena peke yangu, mugongo haiwezi."

Ningemkataza, kama zamani, na labda angeshusha mfuko. Sikuthubutu. Nilimwambia lile nililokuja nalo, na safari hii sikutaja mabaka ya mvua wala mashine za wazungu. Nilimwambia kwamba Jumapili ile nilipomtajia Ijumaa, sikuwa naijua Ijumaa. Kwamba hakuna mtu anayeweza kuijua, na hilo ndilo ninalowafundisha watoto wa watu kila mwaka. Nilitaja siku kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kulikuwa na mtu mlangoni ananisikiliza.

Mikono yake ikasimama juu ya mpira.

"Kumbe siku ile ulijua kama haujui?"

"Nilijua."

Alifikiri. Nilitafuta hasira usoni mwake, nilikuwa naihitaji, sikuiona.

"Ungeniambia tu ivyo, yaya," akasema. "Ningeacha moto iingie."

Motari alikuwa ameshawasha pikipiki, na mdogo wangu akapanda nyuma yake.